Mha wa Kasulu

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta dukani nikihesabu tairi za baiskeli: "Mtoto aliyezaliwa ugenini kwao ni wapi, alikozaliwa au walikotoka wazazi wake?" Najua mtajibiwa zaidi na walioko Uingereza na Marekani, ambao watoto wao wamekataa ugali. Mimi niko Mpanda. Ugenini kwangu hakuna theluji, lakini naomba nafasi.

Jibu langu ni fupi: kwao ni alikozaliwa. Wanaoleta habari za mizizi wakachimbe mihogo.

Ningeweza kuishia hapo, ila swali limenikalia vibaya. Mimi ni mtoto wa watu wa sabini na mbili. Wasomaji wa Katavi na Tabora wameshanielewa. Kwa wengine: babu yangu, ambaye tulimwita sogokuru, alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kutoka pande za Rumonge mwaka 1972, jeshi la Burundi lilipokuwa likiua Wahutu. Baba alikuwa na miaka 11. Wakapelekwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Maji yalipokuwa hayatoshi, mwaka 1978 wakahamishiwa makazi mapya ya Mishamo na wengine wengi, wakakabidhiwa pori la miombo lenye mbung'o, hekta 5 kila kaya, wakaambiwa limeni. Wakalima, tena sana. Mimi nilizaliwa humo 1986. Nimezaliwa Tanzania na nimesoma Tanzania, lakini uraia wangu ni wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, sawa na wa mgeni aliyeshuka kwenye ndege mtu mzima.

Kwa hiyo kwetu ni wapi nalijua. Kinachonisumbua ni kingine: ukiulizwa kwenu wapi, unamjibu nini huyo anayeuliza?

Mwaka 2001 nilichaguliwa kidato cha kwanza shule moja ya bweni mkoani Tabora. Miaka ile hukutoka makazini bila kibali cha mkuu wa makazi. Changu kilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, muhuri wa zambarau umevujia upande wa pili. Neno MKIMBIZI lilikuwa limepigwa taipu kwa nguvu mpaka herufi O... hapana, haina O, ni herufi B, ilikuwa imetoboka. Nilikificha chini ya gazeti nililotandika ndani ya tranka, na ufunguo wa tranka nikauvaa shingoni.

Usiku wa kwanza njuka wote tulipangwa bwaloni tujitambulishe: jina, mkoa, kabila. Baba alikuwa ameshanipa jibu tangu nyumbani. Waha na Warundi wanasikilizana, majina yenyewe yanafanana, ya kuanza na Nda na Nti. Nikasimama, nikasema: Kigoma, Mha, wa Kasulu. Kidato cha nne mmoja akapiga meza. "We! Njoo umpokee ndugu yako!"

Akaja kijana mrefu wa kidato cha pili, sahani mkononi. Akaniuliza kwa Kiha natoka kijiji gani. Nilimwelewa neno kwa neno. Nikajibu, na nilipofika katikati ya sentensi nikaona uso wake umebadilika. Tofauti ni ndogo, mtu wa Dar es Salaam asingeisikia hata ukimrudia mara kumi, lakini sikio la mwenyewe halikosei. Nilikuwa nimemjibu Kirundi cha ziwani. Kile cha sogokuru.

Akanitazama. Bwalo zima linasubiri. Maharage kwenye sahani yake yalikuwa yameanza kuganda utando juu, nayakumbuka mpaka leo, na mdudu mmoja akielea ukingoni. Kisha akageuka akawaambia: "Wa kwetu huyu." Akanimiminia nusu ya maharage yake.

Kesho yake bombani, ndoo zikijaa, akaniambia kwa Kiswahili bila kuniangalia: "Ukitaka kuwa Mha, maneno mengine uache." Akanianzishia masomo. Muhula mzima, jioni baada ya usafi, alinifundisha namna ya kusalimia wakubwa, namna ya kuuliza bei ya mbuzi, matusi matatu, na majina ya vijiji vilivyo njiani kutoka Kasulu kwenda Kigoma mjini kwa mpangilio wake. Nilifaulu. Nilipofika kidato cha nne nilikuwa nawapokea njuka wa Kigoma mimi mwenyewe, na yuko aliyeniambia Kiha changu ni cha zamani, kama cha bibi yake.

Nimeandika habari ya bwalo ndefu kuliko nilivyokusudia. Mhariri, punguza ukipenda, ila maharage uyaache.

Sasa muone kilichotokea. Mwaka 2007 serikali ilipotuuliza tubaki au turudi, watu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Baba mdogo alirudi Rumonge na kukuta mawese ya watu wengine yamepandwa kwenye shamba la ukoo. Nilipokwenda kumtembelea, nikafungua mdomo kuamkia, wajomba wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Walisema naongea kama Mha! Watoto wa baba mdogo hawakucheka, kwa sababu wao huko wanaitwa Watanzania na hawaoni la kuchekesha. Ndivyo nilivyogundua kwamba Kirundi changu nilikiacha bombani Tabora.

Hapo ndipo jibu langu la mwanzo linapoanza kunitoka mkononi. Sogokuru naye alichagua kubaki. Karani alipomuuliza sababu, alisema migomba yake iko hapa, basi. Mwaka 2010 tukawamo kwenye wale 162,000 na zaidi waliokubaliwa uraia. Tukaambiwa kwanza tutahamishwa makazini tutawanywe mikoani, na kwa miaka mingine kadhaa watu wakaacha hata kuezeka nyumba. Vyeti vilikuja kuanza kutolewa na Rais Kikwete Oktoba 2014, na kuhama kukafutwa. Sogokuru alikiweka cheti chake kwenye mfuko wa plastiki juu ya dari, mahali pakavu. Lakini mpaka anafariki, akitoka gulioni na mzigo wake hakusema anakwenda nyumbani. Alisema, "Narudi porini." Miaka zaidi ya thelathini ya kupalilia, na bado ni porini. Mtu huyo ningemwambia kwao ni wapi?

Basi nirekebishe: mtoto kwao ni alikozaliwa, mradi wenyeji wa hapo wasimlazimishe ajifunze kuwa mwingine ndipo akae. Na mzazi asimfiche alikotoka. Hili la pili nalisema kwa sauti ndogo kidogo, kwa kuwa mke wangu ni Mfipa na nyumbani tunaongea Kiswahili, na kwa miaka kumi sikumwambia binti yangu chochote. Sikuona haja.

Mwezi uliopita walikuwa na siku ya utamaduni shuleni kwao, kila mtoto aseme kabila la baba yake na chakula chake. Nikamketisha hapa hapa dukani, juu ya kreti, nikamweleza: sisi ni Warundi, babu yako mkubwa alivuka ziwa, tunakula ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Alisikiliza vizuri. Jioni aliporudi nikamuuliza imekuwaje.

"Nimesema Mrundi. Mwalimu akaniuliza, Mrundi au Mha wa Kigoma?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Mha wa Kigoma."

Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna.