Kabla Hujapanga Mafaili, Panga Kwanza Dirisha Unaloyaonea

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja steshenari kwangu saa tatu asubuhi na bahasha ya kaki mkononi. Siku nne kabla ya hapo tulikaa naye karibu saa nzima tukirekebisha barua yake ya mirathi: jina la marehemu mumewe lilikosewa herufi moja, namba ya kiwanja ilipungua tarakimu, tarehe nayo haikuwa sawa. Aliondoka na nakala zake, akazipeleka panapohusika, wakamrudisha. Akaitoa ile barua kwenye bahasha na kuiweka mezani taratibu. "Mwanangu, hii siyo ile tuliyoirekebisha."

Kweli haikuwa yenyewe. Nilikuwa nimemprintia ile ya kwanza. Kwenye mashine yangu kulikuwa na "barua mama", "barua mama mpya", "barua mama mpya 2" na "barua mama MWISHO", zote ikoni kubwa za bluu zinazofanana kama pacha, nami nikafungua isiyo. Alikuwa amepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na siku yake nzima imepotea. Nilimwomba radhi, nikamchapia upya bila malipo, lakini jambo lile halikunitoka.

Wiki ile nilifanya wanachofanya wengi: nikaanza kuunda folda. Folda ya barua, ya CV, ya mikataba, folda ndani ya folda. Mwezi ulipokwisha, hali ilikuwa ile ile. Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba shida yangu ya kwanza haikuwa mpangilio. Nilikuwa sioni. Dirisha la mafaili lilinionyesha picha na jina tu, ilhali kompyuta yenyewe inajua saa na dakika ambayo kila faili liliguswa mara ya mwisho, aina yake, ukubwa wake na mahali lilipo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu yeyote anayefanya kazi na nyaraka nyingi, awe karani, mwalimu, mwanafunzi anayeandika tasnifu au mwenye steshenari kama mimi, ni huu: usihamishe faili hata moja kabla hujabadilisha namna unavyoyaona.

Dirisha ninalolisema ni lile la folda ya njano chini ya skrini, linalofunguka ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na E. Tangu 2012 jina lake ni File Explorer, ingawa huku kwetu wengi bado tunaliita "My Computer".

Fungua folda yoyote yenye kazi zako kisha bonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja. Ikoni kubwa zitapotea na utapata orodha yenye safu: jina, tarehe, aina, ukubwa. Bofya kichwa cha safu ya "Date modified", mara moja au mbili, hadi faili lililorekebishwa karibuni likae juu kabisa. Ningekuwa nimefanya hivi mapema, barua ya mama yule ingekuwa mstari wa kwanza. Ukikuta orodha imekatwakatwa kwa vichwa vya "Today" na "Last week", kama inavyokuwa mara nyingi kwenye Downloads, bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, nenda "Group by", chagua "None".

Hapa kuna jambo nililojifunza kwa kuhangaika. Tarehe ya "Date modified" ni ya mara ya mwisho faili lilipohifadhiwa likiwa na mabadiliko. Mteja akija na flashi yake, ukalinakili faili lake kwenye mashine yako, tarehe hiyo haibadiliki. Linabaki na tarehe ya siku alipoliandika nyumbani, hata kama ni mwaka jana. Kinachobadilika ni "Date created", ambayo inakuwa ya muda ule uliponakili. Ndiyo maana mtu akikwambia "ile niliyokuletea juzi", unaweza kupekua juu ya orodha usiione, ikiwa imejificha huko chini kwenye mwaka jana. Bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, weka tiki kwenye "Date created", na uipange orodha kwa safu hiyo. Tangu niiongeze safu hii, maswali ya "mbona haipo?" yamepungua mno pale dukani.

Ukishapata mwonekano unaoupenda, usirudie kazi hiyo folda moja moja. Ingia kwenye "Options" (kwenye Windows 11 imo ndani ya vidoti vitatu juu ya dirisha, kwenye Windows 10 imo ndani ya "View"), ukurasa wa "View", bonyeza "Apply to Folders". Fahamu tu kwamba mpangilio utaenda kwa folda za aina moja na hiyo uliyopo: Windows inazigawa folda kuwa za nyaraka, za picha, za muziki na kadhalika. Na ni vizuri hivyo, kwa sababu picha hazifai kuonekana kwa orodha. Folda yangu ya picha za pasipoti nimeiacha na ikoni kubwa. Pale natafuta sura ya mtu, tarehe hainisaidii kitu.

Sasa niseme la viishio vya majina, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo watu wanapoumia. Windows ikitoka kiwandani huficha herufi za mwisho za jina la faili: .docx, .pdf, .jpg, .exe. Ukiwa na "mkataba" wa Word na "mkataba" wa PDF, unaona majina mawili yanayofanana na tofauti ni kaikoni tu. Hilo ni dogo. Kubwa ni virusi vya flashi. Kila mwenye steshenari anavijua: mteja anachomeka flashi, anakuta folda zake zimegeuka njia za mkato, au anaona folda ya njano yenye jina lake kabisa, anabofya, na kumbe si folda. Ni programu iliyovalishwa ikoni ya folda. Kiishio kingeonekana, angesoma ".exe" na kusita.

Kwenye Windows 11 fungua "View", halafu "Show", weka tiki kwenye "File name extensions" na "Hidden items". Kwenye Windows 10 visanduku hivyo viko kwenye ukurasa wa "View" juu ya dirisha. Tangu niweke tiki hizo, flashi ngeni haifunguliwi kwangu kabla sijasoma viishio. Njia za mkato zenyewe hazionyeshi kiishio hata ukiweka tiki, ila zina kimshale kidogo kwenye kona ya ikoni na safu ya aina inasema "Shortcut". Ukiona folda zote za mtu ni "Shortcut", usibofye hata moja. Mafaili yake kwa kawaida bado yamo, yamefichwa tu. Skani flashi kwanza kwa antivairasi, kisha fungua dirisha la amri ("Command Prompt") na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi hiyo. Nimewahi kumrudishia kijana wa chuo tasnifu yake kwa njia hii, wiki moja kabla ya kuikabidhi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akashika kichwa kwa mikono miwili, hakusema neno kwa dakika nzima.

Wengine huogopa kwamba viishio vikionekana watavifuta kwa bahati mbaya wakibadilisha jina. Ukibonyeza F2, Windows inachagua sehemu ya jina peke yake na kukiacha kiishio, na ukikigusa inakuuliza kwanza. Na ukiwa bado kwenye F2, ukibonyeza Tab unaruka kwenye jina la faili linalofuata. Mafaili thelathini yaliyotoka kwenye skana na majina ya namba tupu unayapa majina ya kueleweka kwa dakika chache bila kugusa mausi.

Kuhusu majina yenyewe sina mengi. Anza na tarehe, mwaka kwanza: 2025-03-14 barua ya mirathi. Ukiandika hivyo, mpangilio wa alfabeti unakuwa ndio mpangilio wa siku, kwenye kompyuta yoyote na hata kwenye simu. Mkwaju hauruhusiwi kwenye jina la faili, kwa hiyo 14/3/2025 itakataliwa. Na maneno "mpya" na "mwisho" nimeyapiga marufuku kabisa. Kila faili huwa jipya siku lilipozaliwa.

Kuna jambo ambalo sikulifikiria hadi mteja mmoja aliponionyesha kwa kidole. Dirisha likifunguka huanza na ukurasa unaoonyesha mafaili yaliyotumika karibuni. Nyumbani ni msaada. Dukani, ambapo skrini inatazamwa na watu watatu waliopanga foleni, maana yake ni kwamba jina la hati ya talaka ya dada aliyetoka sasa hivi linasomwa na jirani yake. Watu wanatukabidhi vyeti vya vipimo, kesi na mishahara yao. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini hata kama isingekuwepo, hii ni amana. Ingia "Options", ukurasa wa "General": pale juu chagua dirisha lifungukie "This PC", na chini, penye "Privacy", ondoa tiki kwenye mafaili ya karibuni kisha bonyeza "Clear". Fanya hivyo leo kabla hujafunga duka.

Upande wa kushoto wa dirisha nao unahitaji kufagiliwa. Kwangu nimebandika folda nne tu: kazi za leo, zinazosubiri mteja, picha za pasipoti, na fomu tupu. Kubandika ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Pin to Quick access". Zilizobaki nimeziondoa, kuziondoa pale hakuzifuti. Kijana anayenisaidia alikuwa akitumia muda mwingi kupanda na kushuka ngazi za folda, sasa anabofya mara moja.

Na kuburuta. Naona watu wengi wanapoteza mafaili hapa bila kujua sababu. Ukiburuta faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ile ile, linahama. Ukiliburuta kutoka diski kwenda flashi, linanakiliwa, na la asili linabaki. Mkono unafanya kitendo kile kile, matokeo tofauti. Mimi huburuta kwa kitufe cha kulia cha mausi: ukiachia, inatokea menyu ndogo inayokuuliza kama unataka kunakili au kuhamisha, na hakuna kubahatisha. Kosa likitokea, Ctrl na Z hulirudisha. Isipokuwa kwenye flashi ukifuta, faili haliendi kwenye pipa la taka, linaondoka moja kwa moja. Hili nalisema kwa kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza, kabla hata sijamwonyesha mashine ya fotokopi.

Kazi ya kuhamisha inataka madirisha mawili kando kwa kando, chanzo kushoto na mwisho kulia. Kitufe cha Windows na mshale wa kushoto au wa kulia hulipeleka dirisha upande wake. Windows 11 iliongezewa vichupo ("tabs") mwaka 2022, Ctrl na T hufungua kingine, lakini kwa kunakili bado napendelea mawili yanayoonekana pamoja. Mashine yangu moja ya zamani haikukubali Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, hivyo nikaiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Humo programu ya mafaili inaitwa Nemo, na ukibonyeza F3 dirisha linagawanyika mara mbili papo hapo. Nilivutiwa kujua kwamba Nemo ilizaliwa 2012 kwa sababu programu iliyotangulia, Nautilus, iliondolewa baadhi ya vitu ambavyo watumiaji walivitegemea, kikiwemo hicho cha kugawa dirisha. Watu wakachukua toleo la zamani na kuliendeleza wenyewe.

Mwezi uliopita mama yule alirudi. Safari hii ilikuwa barua ya benki, na tuliirekebisha mara tatu. Wakati wa kuprinti nilimgeuzia skrini. Akavaa miwani yake, akasogea, akaweka kidole chini ya mstari wa juu na kusoma kwa sauti, kama anavyosoma mwalimu mahudhurio: tarehe ya siku hiyo, saa tano na dakika kumi na mbili. "Haya," akasema, "toa nakala tatu."