Shangazi, mume wangu kaniachia bunduki ya mtutu mfupi, na kila mtu anaitaka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Boise, jimbo la Idaho, kwa kadi ya ukaazi wa kudumu. Mume wangu, Mmarekani, alifariki miezi saba iliyopita. Wosia wake umeniachia kila kitu, pamoja na bunduki ya kuwindia aliyorithi kwa baba yake: Remington Model 600, fupi, mtutuni imeandikwa 350 REM. MAG. Iko ndani ya begi lake chini ya kitanda. Sijui kama ina risasi. Kabatini kuna maboksi mawili ya risasi, moja la .350 na jingine limeandikwa 35 Remington.*

*Shemeji yangu anayeishi Wyoming anasema mtutu mfupi ni kosa la serikali kuu, naweza kufungwa. Yuko tayari kunisaidia kwa kuichukua kwa dola 300 akipita hapa mwezi ujao. Kijana wangu wa miaka 16 anasema ni ya babu yake na anataka akawindie elki, yule mnyama mkubwa mwenye mapembe. Lakini tangu baba yake afariki, hali chakula vizuri, usiku halali, anajifungia chumbani. Kaka yangu naye kutoka Tanga anataka niitume nyumbani. Mimi hata kuigusa naogopa. Nifanye nini? – Mjane wa Boise*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Umeniuliza nani apewe bunduki. Hilo nitalifikia, ila kuna sentensi moja katikati ya barua yako umeipitia haraka: kijana hali, halali, anajifungia chumbani. Huyo ana miaka 16, kafiwa na baba, na bunduki ambayo hujui kama ina risasi iko chini ya kitanda. Shemeji na kaka wasubiri. Leo bunduki itoke humo ndani, na maboksi ya risasi yatoke pia. Simtuhumu mtoto. Huzuni ya umri ule huja kwa mawimbi, na wimbi likipanda, kitu kilicho karibu ndicho kinachofanya madhara.

Usiibebe mwenyewe. Piga simu duka la bunduki lenye leseni ya serikali kuu, au fundi wa bunduki, umwambie hivi: "Nimerithi Model 600 ya .350, sijui kama ina risasi, naomba mtu aje aikague na aihifadhi kwenu." Maduka mengi hukubali kuhifadhi kwa muda kwa ada ndogo, dai karatasi yenye namba ya bunduki. Ukikosa wa kuja, piga polisi kwa namba yao isiyo ya dharura, eleza hayohayo. Usiingie dukani na begi bila kutoa taarifa.

Na kijana umuulize waziwazi, bila kuzunguka: "Unawaza kujidhuru?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Marekani kuna namba 988 ya msaada kwa anayewaza kujidhuru, inapigwa au kutumiwa ujumbe saa zote, na wewe mzazi unaweza kuipiga kuuliza la kufanya. Daktari wake naye ajue wiki hii.

Sasa bunduki. Shemeji anakutisha kwa mtutu, kumbe chenye hatari ni kifyatulio, na hicho hakukitaja.

Tuanze na mtutu, kwa sababu ni mambo mafupi. Sheria ya serikali kuu inayodhibiti bunduki fupi, ya mwaka 1934, inahusu raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, au urefu wote chini ya inchi 26. Model 600 ilitoka kiwandani na mtutu wa inchi 18 na nusu, kama sentimita 47, na urefu wote wa karibu inchi 37. Ni fupi kwa macho ya mwindaji aliyezoea mitutu ya inchi 24, lakini kisheria ni raifo ya kawaida. Kwa kadi yako ya ukaazi wa kudumu unaruhusiwa kuwa nayo, mradi huna zuio jingine kama hukumu ya kosa kubwa. Ungekuwa na viza ya muda hesabu ingekuwa tofauti.

La kuhakikisha ni kwamba hakuna aliyeukata mtutu huko nyuma. Bunduki ikishakuwa tupu, fundi atafunga bolti (kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma), atapitisha kijiti mdomoni mwa mtutu mpaka kiguse uso wa bolti, ataweka alama kwenye kijiti usawa wa mdomo, atakitoa na kukipima. Kupima kwa nje huwa kunadanganya, maana chemba, pale risasi inapokaa, nayo inahesabiwa ndani ya mtutu. Shabaha ya mbele, ile sehemu iliyoinuka karibu na mdomo, iwe bado mahali pake. Ikitokea kipimo kiko chini ya 16, usiiuze wala usimpe mtu. Tafuta wakili kwanza.

Sasa kifyatulio. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Remington iliwaita wamiliki wa Model 600 na 660 warudishe bunduki zao kwa sababu zilikuwa zinaweza kufyatuka mtu anapoachia sefti, yaani kizuizi cha usalama. Ukielewa inavyotokea utajua kwa nini nimekukataza kuigusa. Sefti ni kale kadude ka pembeni nyuma ya bolti: ukikavuta nyuma imefunga, ukikasukuma mbele imeachia. Ikifungwa, huinua kipande cha chuma kinachoizuia pini ya kugonga risasi isiruke, kikaachana kidogo na kifyatulio. Mtu akivuta kifyatulio wakati huo, kwa bahati mbaya au mtoto akichezea, kinatakiwa kirudi chenyewe chini ya kile kipande. Nafasi ikiwa ndogo mno, au mafuta ya miaka mingi yakiwa yameganda kama gundi, hakirudi. Kwa nje huoni kitu. Siku sefti inasukumwa mbele, kile kipande kinashuka, hakikuti kitu chini yake, risasi inatoka bila kidole kuwa karibu.

Na ubaya wake: kwenye Model 600 bolti haifunguki sefti ikiwa imefungwa. Ili utoe risasi, lazima kwanza uachie sefti. Yaani ile dakika mtu anadhani anaifanya bunduki iwe salama ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Ndiyo maana fundi atauelekeza mtutu kwenye sanduku la mchanga kabla hajagusa chochote.

Ikishakuwa tupu kuna jaribio ambalo umwombe alifanye ukiwa unaangalia. Bolti inafungwa juu ya chemba tupu, sefti inafungwa, kifyatulio kinavutwa kwa nguvu na kuachiwa. Kisha sefti inasukumwa mbele bila kugusa kifyatulio. Kimya ni vizuri. Ukisikia "tak", ni mbovu. Irudiwe mara kumi, kisha bolti ifungwe kwa kishindo mara kadhaa, na kitako kigongwe kwenye mpira. Hata ikifaulu usiridhike, kwa sababu kasoro hii huja na kutoweka. Kama hakuna ushahidi kwamba ilikwisha kufanyiwa marekebisho, weka kifyatulio kipya. Kampuni ya zamani ilifilisika na mali zake zikagawanywa kwa wanunuzi mbalimbali mwaka 2020, kwa hiyo usitegemee kuipeleka bunduki kwa posta irekebishwe bure. Fundi mzuri atapata kifyatulio cha mtengenezaji mwingine kinachoingia humo. Cha zamani kitiwe mfukoni, kiandikwe KIBOVU, kikae na bunduki. Nitakwambia kwa nini.

Yale maboksi mawili: .350 Remington Magnum na .35 Remington ni risasi mbili tofauti kabisa, ingawa kichwa cha risasi kina kipenyo karibu sawa. Ya magnum ina ganda nene lenye mkanda unaozunguka kitako chake, na shinikizo lake liko juu sana. Ya .35 ni nyembamba na ndogo. Kiwanda kiliwahi kutengeneza Model 600 za .35 vilevile, ndiyo maana majina hukanganya watu. Iliyoandikwa mtutuni ndiyo pekee inayoruhusiwa kuingia. Boksi la .35 lichukuliwe na duka. Lile la .350 litunze: siku hizi ni adimu, na wengi wenye bunduki hii hujaza baruti kwenye maganda ya risasi wao wenyewe. Kama marehemu alikuwa akijaza, utakuta risasi zisizo na boksi la kiwanda. Hizo zisipigwe kabisa, maana hujui kiasi cha baruti kilichomo.

Sasa kijana na elki. Bunduki hii ni ya kuwindia msituni kwenye miti iliyosongana: nyepesi, karibu ratili 6 na nusu, inazunguka haraka, na risasi yake humwangusha elki au dubu mweusi bila matatizo ndani ya yadi 200. Lakini wepesi huo huo ndio unaoadhibu bega. Teke lake ni kubwa zaidi kwa mbali kuliko la raifo ya .308, risasi ya kawaida ya kuwindia. Ongeza mlipuko: magnum imejaa baruti nyingi, mtutu mfupi hauipi nafasi ya kuungua yote ndani, kwa hiyo sehemu inaungulia nje, moto mkubwa na kelele zaidi ya desibeli 160 karibu na uso. Kijana akianza na hii, risasi ya tatu atakuwa anafumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo huchukua misimu kadhaa kumtoka. Mtu atakushauri uweke kifaa cha mdomoni cha kupunguza teke. Kinapunguza kweli, lakini kelele inarushwa kwa nyuma, masikioni mwa mpigaji. Mimi singeweka.

Hali yake ikitulia na mtaalamu akiridhika, mpeleke kwanza mafunzo ya wawindaji. Idaho inayadai kwa kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1975 ndipo apate leseni. Aanze na raifo inayotumia risasi ya 7mm-08, teke lake linavumilika na elki wa karibu anamtosha. Ya babu ataipiga baadaye, akiwa mkubwa, ikiwa na kifyatulio kipya, na yeye akiwa amevaa miwani na vizuia kelele viwili, vya ndani ya sikio na vya juu yake. Mwambie sasa hivi kwamba bunduki haiuzwi mwaka huu na iko mahali salama kwa jina la familia. Nadhani anachoogopa kupoteza si bunduki.

Kwa hiyo ushauri wangu: iendelee kuwa yako, ikae dukani au kwenye sefu ya chuma isiyokuwa nyumbani kwako, na usiamue kuiuza mwaka huu. Ukitaka kuiuza baadaye, kumbuka Model 600 za magnum zilitengenezwa kwa miaka michache tu katikati ya miaka ya 1960, na wakusanyaji huzitafuta. Wanachotaka ni uhalisia: kitako cha mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, ule utepe wa nailoni wenye matundu juu ya mtutu, kinga ya kifyatulio ya nailoni hata kama imepinda, na kifyatulio cha zamani kwenye mfuko. Usikwangue mbao, usipake rangi, usitupe kitu. Dola 300 ni bei ndogo mno kwa bunduki ya aina hii. Pata tathmini mbili za maandishi.

Shemeji aidha kachanganya mambo au anaitaka kwa bei ya mchezo, sitaki kumhukumu. Lakini alichopendekeza ndicho chenye kosa. Yeye ni mkaazi wa Wyoming, wewe Idaho. Huwezi kumuuzia mkononi akipita. Lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, ajaze fomu, akaguliwe. Mwandikie: "Shemeji, nimeipeleka ikakaguliwe. Mtutu ni halali. Nikiamua kuuza, nitakujulisha bei na duka." Asipoafiki duka, umeshapata jibu lake.

Kaka wa Tanga mjibu kwa heshima kwamba haiwezekani. Kuitoa Marekani kunahitaji taratibu za serikali, na kuiingiza Tanzania bila leseni na kibali cha polisi ni kesi yake yeye atakayekwenda kuipokea. Tena risasi za .350 angezitafuta wapi?