Maswali ya Wasomaji: Panya, Pombe na Jeni

SWALI: Nasikia kuna koo za panya wa maabara zinazopenda pombe na nyingine zinazoikataa, na kwamba ni suala la jeni. Wataalamu wanajuaje kwamba tofauti iko kwenye ubongo na si kwenye ini linaloivunja pombe?

JIBU: Damu ndiyo inayojibu. Panya hudungwa ethanoli tumboni, takriban gramu 4 kwa kila kilo ya uzito, kisha hulazwa chali. Mara tu anapoweza kujigeuza mwenyewe, hupimwa pombe katika damu. Kama tofauti ingekuwa ya ini tu, wote wangezinduka kwenye kiwango kilekile, wengine mapema, wengine wakichelewa. Lakini panya wa "usingizi mrefu" waliozalishwa kwa uteuzi huko Colorado huzinduka wakiwa na pombe kidogo kwenye damu kuliko wale wa "usingizi mfupi". Ubongo wao hulemewa upesi. Muda wa kulala peke yake, ambao ndio hutangazwa sana, hauwezi kulitenga ini.

Kupenda pombe ni jambo jingine. Hapo panya huwekwa peke yake na chupa mbili, moja ya maji, nyingine ya ethanoli ya asilimia 10. Zisipobadilishwa nafasi kila baada ya siku moja au mbili, utakuwa unapima mazoea ya kwenda upande mmoja. Kizimba kitupu chenye chupa kama hizo nacho ni lazima, ili matone na mvuke vitolewe kwenye hesabu. Panya wa gramu 25 akinywa mililita 3, amepata gramu 9.5 hivi kwa kilo. Ukoo wa C57BL/6J hufika huko bila shida. DBA/2J huionja na kuiacha.

SWALI: Basi ubongo wa DBA/2J hauipendi pombe?

JIBU: Usikimbilie huko. Kinachomkimbiza kwa sehemu kubwa ni ladha. Akidungwa pombe ndani ya chumba fulani mara kadhaa, baadaye hupendelea kukaa chumba hicho, tena kuliko C57BL/6J. Na pombe ikikatwa ghafla baada ya kuizoea, yeye ndiye hupata degedege kali zaidi anapoinuliwa kwa mkia. Sehemu ya tofauti hiyo imefuatiliwa hadi jeni ya Mpdz, kwenye kromosomu ya 4.