Kufuli la breki kwenye Land Rover ya zamani

Kaka, umesema Land Rover yako ya 1972 haitulii ukiiegesha mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni, hivyo unataka kufuli kwenye bomba la breki, yaani vali ya kufungia presha ya mafuta ya breki ili gari lisimame. Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari. Handbreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika drami iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Sili ya hapo, ile pete inayozuia oili, ikivuja, oili inalowesha breki shuu zinazobana drami, na hapo hata uvute kwa mikono miwili, gari litateleza tu. Badilisha sili na shuu, uone. Wengi wanaishia hapo hapo.

Ukisisitiza kufuli, chagua lile ambalo nyuzi za nati zake zinaoana na za bomba lako. Nati za inchi na za milimita hazipatani, na fundi akilazimisha, patavuja. Usikubali bomba la shaba tupu; chukua la chuma au la shaba yenye nikeli, midomo ipanuliwe kwa kifaa chake, si kwa nyundo! Kisha toa upepo kwenye breki za magurudumu yote, ukanyage pedali kwa nguvu huku msaidizi akikagua kila nati.

Ila kufuli linazuia presha tu. Ikivuja kidogo au mafuta ya breki yakipoa usiku, gari linaachia. Likufae dakika chache ukishusha mzigo, na jiwe chini ya tairi lisikosekane.