Nishani za mzee aliyekuwa Keya

Pole sana dada kwa msiba, na kwa nishani za mzee kuibwa. Umeuliza utajuaje alikuwa na nishani zipi ili ununue nyingine kama hizo. Kwa kuwa alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) akapigana Burma (sasa Myanmar) katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tafuta kwanza cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kisipopatikana, ikague kwa lenzi ile picha aliyovaa sare. Nyota zote (nishani za umbo la nyota) za vita ile zina pembe sita. Kinachozitofautisha ni maandishi ya katikati na utepe. Utepe wa Nyota ya Burma ni buluu iliyokoza, katikati mstari mpana mwekundu, na kila upande wa buluu umepitiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Uingereza iliwapa Keya nyota hizo bila kuchonga jina, kwa hiyo ukinunua ya asili inalingana kabisa na yake. Mbane muuzaji, nakala mpya ni nyingi.