Mswada umerudishwa bila kusomwa: nianzie wapi?

SWALI: Salaam mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Lira, kaskazini mwa Uganda. Nilichukua sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamili, "Changamoto za Ufundishaji wa Kiswahili katika Shule za Sekondari Wilayani Lira", nikaituma kwa jarida la isimu. Siku chache baadaye ikarudishwa bila kupelekwa kwa wahakiki. Walisema iko nje ya upeo wa jarida, tena utambulisho wa mwandishi haukufichwa, ilhali jina langu nililitoa kwenye ukurasa wa kwanza. Sasa jarida jingine limeniandikia lenyewe, linaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja nikilipa dola 150. Na msimamizi wangu anataka jina lake litangulie. Nakuambatishia ikisiri, yaani muhtasari wake. Nishauri.

JIBU: Mwalimu, pole kwa kurudishiwa kazi, lakini usihesabu kwamba wataalamu wameikataa. Hakuna mtaalamu aliyeisoma. Mswada unapofika, mhariri huuangalia kwanza kwa mambo machache: unawahusu wasomaji wa jarida? Umefuata mwongozo wa waandishi? Unaweza kumfikia mhakiki bila kumjulisha ni nani aliyeuandika? Ukikwama hapo, unarudi siku hizo hizo. Hapa Kampala hiyo ni kazi yangu ya kila wiki, na miswada mingi ninayolazimika kuirudisha ina data nzuri kabisa. Wako naamini ni mmojawapo.

Nimeisoma ikisiri yako. Umeorodhesha changamoto saba: vitabu haba, walimu wachache, vipindi vifupi, na kadhalika. Ya sita umeipa sentensi mbili tu, kwamba wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Lango hukosea sana upatanisho wa kisarufi, wanaandika "vitabu mzuri" na "kiti yangu". Mwalimu, makala yako ni hiyo! Lango ni lugha ya Kiniloti, haina ngeli za nomino kama zilivyo katika lugha za Kibantu. Mtoto wa Masaka anayesema kwa Luganda, lugha ya Kibantu, "ekitabo ekirungi" (kitabu kizuri) na "ebitabo ebirungi" (vitabu vizuri) nyumbani anaingia darasani akiwa tayari amezoea kwamba kivumishi hupatana na nomino yake. Wa Lira anaanza mwanzo kabisa, na pengine anafundishwa kwa kitabu na mbinu zile zile. Hoja hiyo jarida la isimu litaipokea, kwa sababu ni ya lugha. Uhaba wa vitabu ni jambo zito, ila ni la jarida la elimu.

Kwa hiyo amua kwanza unaandikia nani, ndipo uandike. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana majarida yaitwayo "Kiswahili" na "Kioo cha Lugha". Swahili Forum la Ujerumani husomwa bure mtandaoni. Chagua moja, usome matoleo yake mawili matatu ya karibuni kuanzia ikisiri hadi marejeleo. Tazama makala zina urefu gani, mifano ya lugha imepangwaje, nadharia inatajwa kwa kina kiasi gani. Ukikuta makala iliyogusa makosa ya wanafunzi wa lugha ya pili, ijadili katika mswada wako, ukubaliane nayo au uipinge. Mhariri akiona hivyo anajua unazungumza na wasomaji wake. Na usitume kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Likigundulika, yote mawili yatakutupa nje, na yana haki.

Sura ya tasnifu haigeuki makala kwa kupunguzwa tu. Tasnifu uliwaandikia watahini, ukitakiwa kuonyesha kwamba umesoma kila kitu. Msomaji wa jarida anataka hoja yako. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 kuhusu Kiswahili utaje kwa sentensi moja, usitupitishe historia yote ya lugha hii Uganda. Fasili za istilahi za kawaida ziondoe. Mbinu za utafiti zibaki na yale yanayomwezesha mtu kuupima ukweli wako: wanafunzi wangapi, wa kidato gani, uliwapataje, uliwapa kazi gani ya kuandika, na makosa uliyahesabu kwa kigezo gani. Hili la mwisho waandishi wengi hulipuuza. "Kiti yangu" ni kosa moja. Je, mwanafunzi akilirudia mara tano katika insha moja, ni makosa mangapi? Sema uliamua nini. Mhakiki atauliza, na asipopata jibu ataishuku jedwali nzima.

Ikisiri iandike mwisho. Majarida mengi hutaka maneno kati ya 150 na 250. Theluthi nzima usiimalize kwa usuli. Toa matokeo yenyewe, kwa tarakimu.

Sasa hili la jina, maana ndilo lililokushangaza. Kulitoa kwenye ukurasa wa kwanza ni hatua ya kwanza tu. Fungua faili yako katika Word, nenda File, kisha Info, utazame upande wa kulia penye neno Author. Nina hakika jina lako limekaa hapo, au la mwenye kompyuta uliyoazima. Pale pale bonyeza Check for Issues, kisha Inspect Document, uiache programu ikague, halafu uondoe taarifa binafsi ilizozipata. Fanya hivyo kwenye nakala, faili asilia ihifadhi kando. Kabla ya hapo kubali au kataa masahihisho yote yaliyobaki pembeni, ufute na maoni ya msimamizi, kwa kuwa kila moja hubeba jina la aliyeliandika. Jina la faili nalo libadilishe. Nimeshapokea mswada uliofichwa vizuri ndani, halafu faili inaitwa kwa jina kamili la mwandishi na chuo chake.

Kisha soma matini yenyewe. Shukrani ziondoe, utazirudisha makala ikikubaliwa. Pale ulipoandika "katika tasnifu yangu nilibainisha", andika "Fulani (2023) anabainisha", ukijitaja kama unavyomtaja mtu mwingine yeyote, isipokuwa mwongozo wa jarida uwe umeagiza vingine. Usifute kabisa kazi zako za awali kwenye marejeleo, maana mhakiki akiona pengo atadhani hukuzisoma. Katika kifungu cha maadili utataja kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na namba ya usajili ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kama unazo. Jina la chuo kilichotoa kibali liweke kwenye ukurasa wa jina unaotumwa peke yake, na ndani ya mswada uandike (jina limefichwa). Picha za madaftari zikague moja moja: nembo ya shule kwenye jalada, au jina la mtoto juu ya insha, vinatosha kukutambulisha. Jina la mtoto hata usingekuwa unajificha lisingefaa kuonekana.

Kuhusu jarida la dola 150: usitume. Uhakiki wa kweli huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, kwa sababu wahakiki ni walimu kama wewe wanaosoma kwa kujitolea. Anayeahidi wiki moja hana mhakiki. Kulipa kwenyewe si dalili ya utapeli. Yapo majarida ya heshima yanayotoza ada ya uchapishaji ili makala isomwe bure. Tofauti ni kwamba hayo huitangaza ada waziwazi kabla hujatuma, na wahariri wake ni watu unaoweza kuwapata kwenye tovuti za vyuo vyao. Litafute jarida katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa 2003, na kwa majarida ya Afrika angalia AJOL, tovuti inayoyakusanya pamoja. Jua pia kwamba wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe ada waandishi wa nchi zilizo katika kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na Uganda imo. Omba msamaha huo wakati wa kutuma. Ukisubiri mpaka upewe ankara, wengi hawatakusikiliza.

Msimamizi wako ni mkubwa wako na hatutaki mgombane. Kigezo kinachofuatwa na majarida mengi, hata nje ya tiba, ni cha Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa uzito kubuni utafiti, kukusanya data au kuichambua. Akashiriki kuandika au kuhakiki maudhui. Akaidhinisha toleo la mwisho. Na yuko tayari kuwajibika. Yote manne kwa pamoja. Usimamizi wa jumla peke yake haumfanyi mtu mwandishi. Data ni yako na uandishi ni wako, basi wewe utangulie, naye awe wa pili iwapo atashiriki kuiunda upya makala hii. Mpelekee rasimu mpya, umwombe aisahihishe, umwandikie kwa adabu: "Mwalimu wangu, ningependa tuiandike pamoja, mimi nikiwa mwandishi wa kwanza kwa kuwa inatokana na tasnifu yangu, naomba maoni yako kuhusu uchambuzi." Fanya mazungumzo haya kabla ya kutuma. Baada ya hapo, jarida litadai saini za waandishi wote kwa badiliko lolote la majina.

Barua ya kuambatisha iwe fupi: makala inadai nini, inawafaa vipi wasomaji wa jarida hilo, na kwamba haijachapishwa wala kutumwa kwingine. Ukishatuma utapewa namba ya mswada, itunze. Miezi mitatu ikipita kimya, mwandikie mhariri sentensi mbili ukitaja namba hiyo na kuuliza mswada umefikia hatua gani.