"Xaxa" yako, mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini uliwaandikia wadogo zako "xaxa, mko poa?" wakakujibu, "Kaka, siku hizi hakuna anayeandika hivyo." Naona limekuuma, ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa maneno mawili.

Ikumbuke simu yako ya kwanza, ile ya vitufe. Herufi s ilikaa mwisho kwenye kitufe cha 7, ukiitaka unabonyeza mara 4. X ilikuwa kwenye 9, mara 2 tu. "Sasa" ilikula mibonyezo 10, "xaxa" 6. Na ujumbe mmoja ulibeba herufi 160. Ukizidisha, unalipia wa pili. "Cjui", "2po", "k2": mlikuwa mnabana matumizi, na mlijua kubana.

Lakini simu za kioo zilipokuja, x na s zote zikawa mguso mmoja, nanyi mkaendelea na x yenu. Faida ya kidole ilikwisha, ikabaki ile nyingine: aliyeandika "xaxa" alikuwa mwenzenu. Mimi nilikuwa nausoma ujumbe wako mara mbili tatu, na nadhani hilo nalo mlilipenda.

Jambo hili ni la kale. Kwenye Biblia, Waamuzi 12, watu wa Gileadi waliziba vivuko vya Yordani, kila anayetaka kuvuka wakamwambia aseme "Shibolethi". Mwefraimu, adui yao, alisema "Sibolethi", akauawa. Sauti moja tu ilimtaja mtu kwao ni wapi.

Wadogo zako hawakukufukuza. Alama ya kundi ikishajulikana na wakubwa haiwafichi tena vijana, basi wanaiacha na kutunga nyingine. Ukiikimbilia hiyo mpya, utakuta nayo wameshaihama. Waandikie kama kaka yao. Ile x wapelekee uliosoma nao.

Nami nina yangu. Juzi nilikujibu "Sawa." ukanipigia simu mbio: "Mama, umekasirika?" Sikuwa na hasira, mwanangu. Nilifundishwa kwamba sentensi isiyo na nukta haijaisha, na mkono wangu umezoea. Kwenu nukta ni mlango uliobamizwa. Nimewauliza na wadogo zako, nao wanaisoma hivyo hivyo, kwa hiyo katika hilo ninyi bado ni kundi moja.

Nikikuandikia wewe nitaiacha. Kwenye barua niachie.

Mama yako.